Hundi ya Vitenge vya Mama Furaha

Nianze na aibu yangu mwenyewe, ili msipoteze muda kuniheshimu bure. Mimi niliyekaa miaka mingi nyuma ya gishe ya hundi katika benki moja ya hapa Bujumbura, mimi ambaye barabara yetu yote ya Cibitoke inaniita Baba Sheki, yaani baba wa hundi, nilishika hundi ya matapeli kwa vidole hivi hivi, nikaiinua kwenye mwanga wa dirisha, nikatangaza kwa sauti ya hakimu: "Hii ni safi." Jirani yangu Mama Furaha akaniamini. Akapoteza mali yake yote, na nafasi ya sokoni aliyokuwa ameisubiri kwa muda mrefu. Mimi sikupoteza kitu, isipokuwa hamu ya kutoka nje, na hiyo sikuwa nayo hata kabla.

Nawaandikia nyinyi vijana mnaoanza kazi za benki, mnaovaa mashati ya kubana na kutazama simu mteja akiwa mbele yenu. Nawaandikia pia nyinyi msio na kazi lakini mna simu, maana siku hizi gishe iko mfukoni na tapeli hapangi tena foleni. Msitafute mpangilio humu. Niliishia sekondari, na hata huko insha zangu zilirudi na wino mwekundu mwingi kuliko wangu wa bluu.

Aliyenifundisha kazi alikuwa Mzee Nasoro, mtu wa familia ya Kiarabu yenye duka la vitambaa mjini tangu enzi za babu yao. Ndugu zake wote walipima vitambaa. Yeye alisema mita inamchosha, akaja benki kushika karatasi. Alivaa kofia nyeupe, alinukia udi, na hakuwahi kupandisha sauti, jambo lililotutisha kuliko kelele za direkta.

Alianza kunifundisha vidole. Karatasi ya hundi ina ukavu wake. Ukiishika kila siku, ile isiyo yenyewe inakukwaruza kabla macho hayajajua. Kisha dirisha. Mtu akikwangua maandishi kwa wembe, karatasi hubaki nyembamba mahali pale na mwanga hupita. Kisha maneno. Soma kiasi kilichoandikwa kwa maneno kabla ya tarakimu, kwa sababu tarakimu huongezewa mkia kirahisi. Na pua pia. Ndiyo, chekeni. Wino wa jana una harufu, na hundi yenye tarehe ya mwezi uliopita haina ruhusa ya kunukia jana.

Baada ya miezi michache nilijiona daktari. Dirisha la gishe yangu lilikuwa chini sana. Ukiwa umekaa huoni uso wa mteja, unaona vifungo vya shati. Mimi hilo halikunisumbua. Nilikuwa nazijua hundi, vifungo vilinihusu nini? Siku moja ikaingia hundi yenye saini iliyolala kama imelewa. Nikaitoa kadi ya saini kwenye droo, nikalinganisha, nikairudisha hundi.

"Saini hii si ya mwenye akaunti."

"Mwenye akaunti ni mimi," vifungo vikajibu.

"Hata kama ni wewe, saini si yako."

Foleni ikacheka. Yule bwana, mfanyabiashara wa Mutanga Sud, akaanza kupiga kaunta. Mzee Nasoro akaja taratibu, akainama kuchungulia, kisha akaniita nisimame nichungulie nami. Mkono wa kulia wa yule bwana ulikuwa kwenye plasta, kuanzia vidoleni hadi kwenye kiwiko, umefungwa shingoni kwa mtandio wa mkewe. Alikuwa amesaini kwa kushoto.

"Hamisi," Mzee Nasoro akaniambia.

"Naam, Mzee."

"Hundi umeitazama muda gani?"

"Muda mrefu, Mzee."

"Na huyu bwana?"

Nikairudisha kadi ya saini kwenye droo.

"Basi mwanangu, siku nyingine inua kichwa."

Wenzangu waliniita Plasta kwa mwaka mzima. Nilikasirika, lakini nilipata pia faida, kwa sababu tangu siku ile Mzee Nasoro aliniruhusu kukaa karibu na kiti chake.

Kiti chenyewe kilikuwa cha mbao, cha kawaida, upande wa ndani wa kaunta. Mtu akija na hundi inayomtia Mzee wasiwasi, hakuipeleka kwanza dirishani. Alimwita mtu aingie, akamkalisha, akamuuliza habari za nyumbani. Kisha: "Huyu aliyekupa hundi, mlijuana vipi?" Halafu ananyamaza. Mimi nilidhani anapoteza muda. Lakini mtu aliyekaa vizuri, mbele ya mzee asiye na haraka, huanza kujisikia anachosema. Wengine walisimama wenyewe katikati ya habari, wakachukua hundi yao, wakaenda zao.

Namkumbuka mwalimu mmoja mstaafu, mama wa Kibenga. Alikuja na barua yenye mihuri ya rangi tatu: ameshinda gari katika bahati nasibu ya ng'ambo. Ndani ya barua mlikuwa na hundi. Aiweke kwenye akaunti yake, kisha atume pesa haraka za kulitoa gari bandarini.

"Hongera, Mama," alisema Mzee Nasoro. "Tiketi uliinunua wapi?"

"Sikununua."

"Labda mmoja wa watoto alikununulia?"

"Watoto wangu? Hata sukari hawaninunulii."

Mama akaipindua barua, akaisoma tena kama mwalimu anayetafuta makosa.

"Imesema nisimwambie mtu mpaka gari lifike," akaongeza kwa sauti ndogo.

"Na umemwambia nani?"

"Kwaya."

"Kwaya nzima?"

"Mpaka wale wanaume wa sauti ya nne."

Tena alikuwa ameshamwita fundi, akajenga kibanda cha gari uani, chenye mabati mapya. Mimi niliuma kalamu nisicheke. Mzee Nasoro hakuhitaji kuuma kitu. Alimwambia: "Hundi hii tutaipeleka kwenye benki iliyoandikwa hapa juu, waulizwe. Mpaka jibu lirudi, usitume kitu, hata wakikupigia simu wakilia." Jibu lilirudi: hakuna akaunti kama hiyo. Mama akabaki na pesa zake. Lakini alilia pale kwenye kiti, na si kwa ajili ya gari. Alilia kwa ajili ya Jumapili, jinsi atakavyoingia kanisani. Kibanda kikawa cha kuku, na kwa miaka kadhaa alimletea Mzee Nasoro mayai. "Mayai ya gari," Mzee aliyaita, pale tu mama alipokuwa ameshaondoka.

Shikeni hapo. Kama hukucheza, hukushinda. Zawadi inayokudai nauli, ushuru au "ada ya faili" kabla ya kufika si zawadi. Na anayekuambia usimwambie mtu anajua kwamba mtu wa kwanza utakayemwambia atakuuliza swali la tiketi.

Halafu mambo yakabadilika, na mimi nikabadilika nayo. Kadi za saini zikatoka kwenye droo zikaingia kwenye kompyuta. Kaunta ikawekwa kioo. Kiti cha mbao kikaondolewa, wakasema ni sababu za usalama. Mzee Nasoro alistaafu, akafariki, Mungu amrehemu, na nilipokwenda msibani ndugu zake wa dukani waliniambia kwamba nyumbani alikuwa msemaji sana. Benki hatukumjua hivyo. Mimi nikarithi swali lake. Niliwafundisha wapya waliokuja, akiwemo binti mmoja hodari, Odette: "Kabla ya karatasi, muulize mtu mlijuana vipi." Nilikuwa nikilisema vizuri. Nilipolisema nilikuwa hata nainua kidole.

Nikastaafu. Mke wangu alikuwa ameshatangulia, watoto wako mbali, nikagundua kwamba napenda nyumbani kuliko binadamu wa kawaida anavyopaswa. Majirani wanasema bawaba za lango langu zimeshika kutu kwa kukosa kazi. Mama Furaha, wa ukuta wa pili, alikuwa ananiuliza kila asubuhi kwa sauti ya juu: "Baba Sheki, uko muzima ao tulete jeneza?" Nami namjibu alete la saizi ndogo, nimekonda.

Mama Furaha ametoka Uvira. Vita vilimleta na mtoto mmoja na vitenge viwili, akaanza biashara na hivyo hivyo viwili. Alibeba mzigo kichwani nyumba kwa nyumba, jua na mvua, mpaka shingo yake ikawa haigeuki vizuri. Ukimwita, anageuka mwili mzima. Ndoto yake ilikuwa moja, meza yake mwenyewe sokoni, aketi chini kama mtu. Mwaka huu meza ilipatikana. Mwanamke mmoja alikuwa anahama na alikubali kumwachia, mradi alete malipo kabla ya mwezi kuisha. Ikabidi auze akiba yote ya vitenge kwa pamoja.

Na mnunuzi akatokea. Mwanaume kwenye simu, mpole, Kifaransa na Kiswahili, alisema ana harusi Mutanga Sud, anataka familia yote ivae sare. Anachukua mzigo wote. Akatuma hundi kwa mtu wa teksi. Hundi ilikuwa na kiasi kikubwa kuliko bei. "Karani wangu amekosea," alisema, "lakini nakuamini, Mama. Pesa zikionekana kwenye akaunti, ile ziada mtumie fundi wangu wa nguo kwa simu. Lakini leo leo, harusi inakaribia."

Nyinyi mnaosoma mmeshashtuka. Mimi pia ningeshtuka, kama ningesikia. Habari hiyo yote nilikuja kuisikia baadaye.

Alikuja kwangu asubuhi, nikichagua maharage, akiwa na wanawake wawili wauzaji wenzake. Aliposema neno sheki nilisikia damu yangu ikitembea. Miaka mingi hakuna mtu aliyenipa hundi! Niliosha mikono kwa sabuni. Nilileta kioo changu cha kukuzia maandishi, nilichokuwa nimekifunga kwenye leso kama dhahabu. Nikasogeza kiti dirishani.

"Angalia hii, Baba Sheki," alisema. "Lakini huyu mutu..."

"Subiri, Mama. Kwanza karatasi."

Nikaipapasa. Ukavu wake uko sawa. Nikaiinua kwenye mwanga. Hakuna wembe.

"Niko nasema, huyu mutu, vile anazungumuza kwa simu..."

"Mama Furaha, mimi kazi hii niliianza wewe ukiwa bado unanyonya."

Wanawake wakacheka. Yeye naye akacheka, kwa adabu. Nikasoma maneno, nikasoma tarakimu, nikanusa. Nilinusa kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika, kwa sababu nilikuwa na watazamaji.

"Lakini Baba Sheki, mi na..."

"Nyamaza kidogo, Mama. Niko kazini."

Akanyamaza. Nikatangaza hukumu yangu. Wale wawili wakapiga makofi, na mmoja akasema, "Iko vizuri kuwa na mutu wa benki kwa barabara." Nikaona aibu kidogo, ile aibu tamu.

Na vijana, karatasi ilikuwa safi kweli. Ilitoka kwenye kitabu cha hundi cha kweli, cha benki ya kweli. Ila kitabu chenyewe kilikuwa kimeibwa.

Aliipeleka benki. Baada ya siku moja nikamsikia nje ya ukuta: "Baba Sheki, zimeingia! Niliziona kwa karatasi ya benki!" Na mimi, kutoka jikoni, bila hata kuweka mwiko chini, nikamjibu: "Si nilikuambia?"

Hapo ndipo ninapojichukia zaidi, kwa sababu jambo hili nilikuwa nimewaeleza watu tangu ujana wangu. Pesa za hundi zinazoonekana kwenye akaunti zinaweza kuwa zimeandikwa tu, hazijalipwa. Hundi bado iko safarini. Inakwenda kwenye benki iliyoitoa, inaulizwa, na jibu linaweza kuchukua siku nyingi. Benki nyingine hukuruhusu utoe kabla ya jibu, lakini jibu likija baya, deni ni lako wewe uliyeiweka, si la aliyekupa. Kwa hiyo usiulize gishe, "Zimeingia?" Uliza, "Benki iliyotoa hundi imeshalipa?" Subiri wajibu kwa maneno hayo. Na anayekulipa zaidi halafu anataka ziada irudi mbiombio, anakimbizana na hilo jibu.

Mama Furaha alituma ziada kwa simu. Jioni ile ile kamioneti, gari dogo la mizigo, ikaja kuchukua vitenge vyote. Alivikunja upya kabla ya kuvitoa, ili harusi isione mikunjo.

Wiki ilipopita hundi ikarudi, haikulipwa.

Nilitoka nje siku hiyo, jambo ambalo barabara nzima ililiona. Tulikwenda naye benki. Kwenye gishe alikuwa Odette, sasa mtu mzima mwenye miwani. Alimpa Mama Furaha kiti, sijui alikitoa wapi, akamuuliza taratibu: "Mama, huyu aliyekupa hundi, mlijuana vipi?" Mama Furaha akaeleza, na ndiyo mara ya kwanza nikasikia habari yote: simu, harusi, karani, ziada, haraka. Kila neno lilikuwa kengele. Odette aliposikia sehemu ya kioo cha kukuzia akanitazama.

"Mzee, wewe ulikuwepo?"

"Nilikuwepo."

Akainamia karatasi zake kwa heshima. Afadhali angenitukana.

Polisi waliandika. Namba ya simu ilikuwa imezimwa. Mtu wa pesa za simu alisema kama tungefika siku ile ile pengine wangezuia. Baada ya wiki, basi. Likikupata, kimbia siku hiyo hiyo benki, kwa watu wa simu na polisi. Usikae kwanza kuona haya. Na ukitaka kuthibitisha hundi, nenda kwa miguu yako kwenye benki iliyoandikwa juu yake, usipige namba uliyopewa na aliyekuletea.

Meza ya sokoni ilichukuliwa na mtu mwingine. Benki inamkata Mama Furaha deni kidogo kidogo. Sasa anauza karanga kwenye kona ya barabara yetu, kwenye sinia, kichwani tena, na ile shingo. Hakunilaumu. Alichoacha ni kuniita asubuhi. Nilikuwa naamka mapema kusubiri habari za jeneza, nasikia ufagio wake tu, kisha lango.

Mimi ninayesifika kwa kupenda nyumbani, nyumba ilinishinda. Nilikuwa namalizia sentensi yake. "Lakini Baba Sheki, mi na..." Mi na nini? Mi nafurahi? Mi naenda benki? Mi nakushukuru? Nilijaribu maneno mengi, hasa yale ambayo yangeniacha huru. Sikuthubutu kumuuliza.

Ikafika Idd. Kila mwaka nampelekea sahani ya pilau, pilau ya mwanaume anayeishi peke yake, ambayo yeye huila kwa sababu ni Mkristo mwenye subira. Mwaka huu niliiunguza kuliko kawaida. Nikaipitisha juu ya ukuta, akaipokea, akasema asante, basi. Siku tatu sahani haikurudi. Nikajua ndiyo mwisho wa ujirani, na nikaona ni haki yake.

Siku ya nne bawaba zikalia. Aliingia na ile sahani, imefunikwa na nyingine. Hapa kwetu mtu hairudishi sahani ya jirani ikiwa tupu, hata kama hana kitu. Nilikuwa nimesahau kwamba hata yeye anaweza kufuata hilo kwangu. Alikuwa amepika ndagala, vile visamaki vya ziwani, na nyanya. Alikuwa amesubiri siku tatu apate za kununulia.

Nikasimama. Hotuba yangu nilikuwa nayo tayari, ya wiki nyingi. "Mama Furaha, nisamehe. Lakini ile karatasi, wallahi, ilikuwa ya kweli. Hata Mzee Nasoro, mwalimu wangu, kwa vidole vyake..."

Aliweka sahani mezani, akageuka mwili mzima kunitazama, akasema:

"Baba Sheki, wacha habari ya karatasi. Ile siku nilitaka kukuambia: mi namuogopa huyu mutu. Njo hiyo tu. Mi sikukuja kwa mutu wa benki, nilikuja kwa jirani, juu nilitaka mutu aniambie usitume. Sasa kula ndagala, inapoa."